Nililipia chumba kinachotazama bahari Unguja, lakini bahari haikuwapo. Nani anaweza kunieleza?

1. Spea_Kisekka
Salamu kwenu. Nina swali lililonikaa rohoni tangu Januari, na kwa kuwa humu wamo watu wa pwani na watu wa ziwani, naomba mnisaidie kabla sijarudia kosa. Mimi na mke wangu tulitimiza miaka 15 ya ndoa, tukaamua kujipongeza kwa siku tatu katika hoteli ya kifahari kwenye pwani ya mashariki ya Unguja. Jina la hoteli nitalihifadhi. Chumba cha upande wa bustani kilikuwa na bei yake, nami nikaongeza dola 60 kwa kila usiku ili tupate kile kinachotazama bahari.

Tulifika Ijumaa tarehe 2 saa moja na nusu usiku, giza limeshaingia, tukala tukalala. Asubuhi mke wangu alifungua pazia akaniita kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. Mbele yetu palikuwa na mchanga mweupe, kisha madimbwi, kisha majani, kisha mistari mirefu ya vijiti na kamba ambako wanawake waliojifunga kanga walikuwa wameinama wakifanya kazi, na mbali kabisa ulionekana mstari mwembamba wa povu. Tuliyafuata maji kwa miguu karibu nusu saa, na tulipoyafikia hayakuvuka magoti. Jumapili ikawa vivyo hivyo. Jumatatu tukarudi Kampala.

Je, hoteli ina haki ya kuuza chumba "kinachotazama bahari" ilhali bahari yenyewe haiji? Au kuna jambo limeikumba pwani ile ambalo wageni hatuambiwi?

2. Afande_Mstaafu
Pole, ndugu. Hayo ni mabadiliko ya tabianchi tu. Kama mito ya Karamoja inavyokauka, bahari nayo inakauka pembeni, na wenye hoteli hawawezi kulisema hilo kwa sababu watakosa wageni.

3. Mja_Jambiani
Afande, kwa heshima zote, mabadiliko ya tabianchi yanapandisha kina cha bahari, hayaikaushi. Mimi ni mzaliwa wa Jambiani, kijiji cha pwani hiyohiyo ya mashariki, niliyeolewa Entebbe, na swali hili huulizwa na kila shemeji yangu anayekwenda kwetu kwa mara ya kwanza.

Spea, ulichokiona ni maji kupwa. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda unaozidi kidogo siku moja, kwa hiyo kutoka kujaa hadi kujaa tena hupita saa 12 na dakika 25 hivi, na kila siku saa za maji husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, ambayo hayapandi wala hayashuki kwa kiasi kikubwa. Tarehe 3 Januari mwezi ulikuwa mpevu. Mlifika katikati ya bamvua, na siku za bamvua kwetu maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, saa ambayo mgeni amemaliza chai na kuvaa nguo za kuogelea.

4. Dereva_wa_Malaba
Nashukuru kwa darasa, lakini halijanitosheleza. Nimepakia mizigo Mombasa kwa miaka mingi, na kupwa nakujua, kwani pale Likoni maji yakishuka ngazi ya kivuko husimama kama mlima na gari dogo hukwaruza tumbo. Hata hivyo sijapata kuona bahari ya Kilindini ikienda mwendo wa nusu saa. Mwezi wa Mombasa na mwezi wa Unguja ni mwezi mmoja. Kwa nini kule kwingine maji yashuke tu, na Unguja yahame?

5. Mwalimu_Kyambogo
Swali la Dereva ni zuri, na jibu lake haliko angani, liko chini ya maji. Tofauti kati ya maji makuu na maji yaliyokupwa siku za bamvua ni karibu mita 4 katika Mombasa na Unguja pia. Kinachotofautiana ni mteremko wa sakafu. Chukua sufuria na sahani ya bati, uzijaze maji, kisha upunguze kiasi cha upana wa kidole katika kila chombo: katika sufuria ukingo wa maji utabaki palepale ukutani, na katika sahani utakimbilia katikati. Kilindini ni mlango wa bahari wenye kina kirefu, yaani sufuria. Pwani ya mashariki ya Unguja ni sahani, kwa sababu mbele yake pana mwamba wa matumbawe uliotandaa sambamba na ufuko, na kati ya mwamba na ufuko pana uwanda wa maji ya kina kifupi. Sakafu ikishuka mita moja kwa kila mita 300, maji yakipungua mita 4 yatakuwa yameondoka mita 1,200. Ule mstari wa povu aliouona Spea ndio mwamba wenyewe, mawimbi yakiupiga kwa nje.

Nawaomba pia tuache kusema maji "yamekauka". Yamekupwa. Lugha hii ina neno lake kamili kwa jambo hili, nasi wa bara hatulitumii kwa sababu ziwa letu halikutulazimisha kulijifunza.

6. Spea_Kisekka
Asante, Mwalimu, sahani nimeielewa. Lakini kama maji hurudi mara mbili kwa siku, mbona sikuyaona hata mara moja katika siku tatu? Mimi si kipofu, ssebo.

7. Mja_Jambiani
Shemeji, hebu tuambie ulikuwa wapi kila saa, kuanzia Jumamosi.

8. Spea_Kisekka
Jumamosi tuliamka saa tatu, tukakuta hali niliyoieleza. Saa nane mchana tulichukuliwa na gari kwenda kutazama mashamba ya viungo na kisha Mji Mkongwe, tukarudi saa mbili usiku. Jumapili tuliamka saa tatu tena, kwani tulikuwa likizo, na saa tisa tukaenda msitu wa Jozani kuwaona kima punju, kisha tukala kwa rafiki mjini, tukarudi saa tatu usiku. Jumatatu gari la uwanja wa ndege lilikuja saa nne asubuhi. Mke wangu alidai kwamba Jumatatu hiyo alfajiri alisikia mawimbi karibu na dirisha. Nilimwambia anaota.

9. Mja_Jambiani
Basi mwombe radhi mke wako leo hii. Jumamosi maji yalijaa mnamo saa kumi jioni, nanyi mlikuwa mnanusa karafuu. Jumapili yalijaa kabla ya saa kumi na moja jioni, nanyi mlikuwa njiani na kima punju wenu. Jumatatu alfajiri, mnamo saa kumi na moja, yalijaa mpaka karibu na ngazi za chumba chenu, mmoja akayasikia na mwingine akajifunika shuka. Bahari ilikuja kwenu kila siku mara mbili, ikabisha hodi ikakosa mwenyeji.

10. Nubi_wa_Bombo
Nimecheka mpaka mtoto ameniuliza nina nini. Dola 60 za kila usiku zililipiwa usingizi.

11. Dereva_wa_Malaba
Mimi pia nimecheka, lakini nasisitiza kwamba hoteli haijaachiliwa. Muuza spea wa soko la Kisekka, Kampala, ajuaje bamvua? Anayeuza kitu anakijua kuliko anayekinunua. Ukiniuzia spea ya gari inayofanya kazi jioni tu, hukunieleza, nami nikairudisha, utasema mimi ndiye nililala?

12. Mapokezi_Zamani
Nilifanya kazi ya mapokezi katika hoteli mbili za pwani hiyo kabla ya kurudi Mbarara, kwa hiyo nitasema yale niliyoyaona kwa pande zote mbili. Picha zote za matangazo hupigwa maji yakiwa yamejaa. Mpiga picha huambiwa aje siku fulani saa fulani, na akichelewa anarudishwa. Huo ni ukweli, na mimi sikuupenda. Hata hivyo, katika hoteli zote mbili tulikuwa na ubao mdogo karibu na meza ya mapokezi ambao kila asubuhi niliandika nyakati nne za maji kujaa na kupwa na urefu wake kwa mita. Spea, jaribu kukumbuka: hukuuona ubao wenye nambari kama 3.9 na 0.3?

13. Spea_Kisekka
Niliuona. Nilidhani ni bei za fedha za kigeni, nikashangaa ni nchi gani hiyo ambayo fedha yake ni 0.3.

14. Afande_Mstaafu
Namba moja ya ubao haitoshi kuwa maelezo. Nami bado sijashawishika kuhusu ile sahani ya Mwalimu. Spea alisema aliona vijiti na kamba. Mahali popote unaposimika vijiti majini, mchanga hukusanyika. Tumeliona hilo katika mitego ya samaki kule Ziwa Albert. Huenda kilimo hicho cha mwani ndicho kilichoijaza pwani mchanga hata ikawa sahani. Zamani pengine ilikuwa sufuria.

15. Mja_Jambiani
Afande, mama yangu alianza kulima mwani nikiwa mtoto. Kilimo hicho kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na bibi yangu, aliyefariki kabla ya hapo, alikuwa akitembea juu ya uwanda uleule maji yakipwa, mchokoo mkononi, akichokoa pweza kwenye mashimo ya mwamba. Sahani ilikuwapo.

Niongeze jambo kwa sababu Spea amewataja wale wanawake kana kwamba ni sehemu ya hasara yake. Saa ambazo mgeni analalamika kwamba bahari imeondoka ndizo saa zao za kazi. Hungoja bamvua, kwa kuwa ndipo shamba linapofichuka vya kutosha. Hufunga vipande vya mwani kwenye kamba, kimoja kimoja, mgongo ukiwa umepinda, huku maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu, na maji yakianza kurudi hukusanya magunia haraka. Mwani ule wa bei nzuri, tunaouita kotonii, umekuwa ukifa katika maji ya kina kifupi yanayopata joto kupita kiasi, ndiyo maana wengi wamebaki na spinosamu ambao bei yake ni ya chini. Hapo, Afande, tabianchi yako ina nafasi.

16. Afande_Mstaafu
Nimekubali kuhusu bibi. Kuhusu mchanga sijakubali, kwani mtu anaweza kutembea juu ya sahani ambayo bado inaendelea kujaa.

17. Mwenyeji_Kalangala
Ninawasoma tangu asubuhi na kujiuliza kwa nini Waganda tunalipa dola kutafuta maji yanayokimbia. Visiwa vya Ssese katika Ziwa Viktoria ni 84, na Bugala pekee kina fuko za mchanga ambazo maji yake hayaondoki saa yoyote. Panda meli Nakiwogo, shuka Lutoboka jioni ya siku hiyohiyo, fungua pazia asubuhi, ziwa utalikuta.

18. Nubi_wa_Bombo
Na kichocho utakikuta pia. Mwaka 2020, mkubwa, ziwa lako liliingia mpaka wapi?

19. Mwenyeji_Kalangala
Umenichoma pabaya. Mwaka 2020 maji yalifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, yakipita rekodi ya mwaka 1964, na nyumba yangu ya wageni ilipoteza uzio, vibanda viwili vya makuti na kaunta ya vinywaji. Nilikuwa nikiwahudumia wateja wa mwisho nikiwa nimevaa buti za mpira, na chupa za soda zikaelea zenyewe kutoka kwenye kreti. Kwenu maji huondoka yakarudi jioni. Kwetu yaliingia yakakaa. Mpaka leo tunabishana ni mvua au ni bwawa la Jinja.

20. Dereva_wa_Malaba
Ni bwawa. Walifunga milango.

21. Mwalimu_Kyambogo
Sehemu kubwa ya maji ya ziwa lile huingia kama mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na miezi iliyotangulia ilikuwa ya mvua isiyo ya kawaida. Kiasi cha maji yanayoachiwa Jinja kina mchango wake, lakini sidhani kama bwawa peke yake lingefanya hivyo. Najua wapo watakaonipinga.

22. Dereva_wa_Malaba
Mimi wa kwanza.

23. Mama_Busia
Samahani, turudi kidogo. Hakuna aliyesema kwa nini ziwa halijai na kupwa. Mwezi unaonekana Busia kama unavyoonekana Jambiani. Nilifundishwa shuleni kwamba mwezi huvuta maji ya chumvi tu.

24. Mapokezi_Zamani
Mimi niliambiwa ni kwa sababu ziwa liko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na vilima vinalizuia.

25. Mwalimu_Kyambogo
Chumvi haihusiki, dada, na mwinuko hauhusiki. Hata ziwa lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800 ni dogo mno mbele ya mwezi. Mwezi hauyanyanyui maji kama ndoo. Huyavuta kidogo kidogo kutoka upande mmoja wa bahari kuu hadi mwingine, na bahari kuu ina maelfu ya kilomita za kuchota. Ziwa hupata badiliko la sentimita chache tu, na upepo wa alasiri unalifunika usilione.

26. Mama_Busia
Hapo nimeelewa, ingawa mwalimu wangu wa wakati ule hatafurahi.

27. Nubi_wa_Bombo
Mimi nilikaa Nungwi, ncha ya kaskazini, mwaka juzi. Niliogelea asubuhi, mchana na jioni, na sikuhitaji ubao wala mwezi. Maji yalishuka, lakini yalibaki palepale ningeweza kuyafikia kabla miguu haijakauka. Ndiyo maana vyumba vya Nungwi na Kendwa ni ghali. Spea alinunua upande usiofaa wa kisiwa kwa bei ya upande unaofaa.

28. Mapokezi_Zamani
Bei ya kaskazini hupanda kwa sababu nyingi, si maji tu. Kuna machweo, ambayo mashariki hayapo, na kuna kelele za muziki ambazo wengine huzilipia na wengine huzikimbia. Tena nimewaona wageni waliochagua Paje makusudi kwa sababu ya uwanda huohuo, hasa wale wanaovutwa na tiara kubwa juu ya maji. Wao hutaka upepo mwingi na kina kifupi. Neno "upande usiofaa" silikubali.

29. Mja_Jambiani
Nami silikubali, kwa sababu za kibinafsi. Lakini hata hapa kwetu watu hawaafikiani kuhusu Nungwi. Wazee wengine husema ni kwa kuwa ufuko wake unashuka ghafla, kama alivyosema Mwalimu. Wengine husema kule mchanga huhama kwa misimu ya kusi na kaskazi, kwa hiyo anayesifu ufuko wa Februari aende akautazame Agosti.

30. Afande_Mstaafu
Kumbe mchanga huhama. Nilisema nini?

31. Spea_Kisekka
Ahsanteni wote, hata mlionicheka. Nimemwomba mke wangu radhi, akaipokea kwa masharti: turudi hotelini palepale, na safari hii yeye ndiye atakayepanga saa za matembezi. Tumekubaliana kuondoka tarehe 12 Agosti mwaka huu, watoto wakiwa nyumbani na dada yake. Hoteli bado haijajibu barua yangu kuhusu zile dola 60.

32. Mja_Jambiani
Shemeji, ngoja! Tarehe 12 Agosti mwezi unaandama, kwa hiyo utaingia katika bamvua nyingine, na asubuhi utakuta vijiti na kamba kama ulivyoviacha. Sogeza safari mpaka tarehe 20. Mwezi utakuwa nusu, siku moja au mbili baadaye yatakuwa maji mafu, maji yatajaa kati ya saa nne na saa sita mchana, na hata yakipwa hayatakwenda mbali.

33. Mapokezi_Zamani
Na Agosti ni kusi, kwa hiyo upande wa mashariki utakuwa na upepo mkali. Beba sweta la jioni, na usisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwani abiria kutoka Uganda huulizwa.

34. Nubi_wa_Bombo
Beba na saa ya kumwamsha mwenye chumba.

35. Spea_Kisekka
Nimemsomea mke wangu chapisho la 32. Anasema tarehe 12 haibadiliki. Safari iliyopita alikaa kibarazani akiwatazama wale wanawake na hakupata nafasi ya kuzungumza nao, kwa sababu nilikuwa nikimvuta tuyafuate maji. Dada Mja, anauliza: asubuhi ya bamvua wanaingia shambani saa ngapi, na mgeni avae nini miguuni?

36. Mja_Jambiani
Mwambie awe ufukweni saa mbili, maji yakiwa bado yanatoka. Avae viatu vya mpira vyenye soli ngumu, kwa kuwa kwenye madimbwi kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi, na ajifunge kanga ambayo haitamsikitisha ikilowa. Mama bado yuko palepale, mstari wa tatu kutoka upande wa kusini. Nitampigia simu leo.